Meli ya Wahispania na Saa Tisa ya Mama

Siku kaka yangu aliposema kuwa Mama atahamia kwake Nizwa, Mama alikuwa anachambua mchele, na hakuinua hata uso.

"Nizwa kuna nini?" aliuliza.

Kaka akamhesabia: nyumba mpya isiyo na ngazi, hospitali karibu, wajukuu, hewa kavu isiyoumiza magoti.

"Na bahari?"

Nizwa ina ngome, ina mitende, ina mfereji wa maji unaopita katikati ya mashamba, lakini bahari haina.

"Basi mie sendi," Mama akasema, akatoa kijiwe kwenye sinia, akakitupa.

Tunakaa Aija, ng'ambo ya daraja ukitoka Sur mjini, katika nyumba ya wazee wa baba yangu. Ni nyumba kubwa ya zamani, milango ya kuchongwa, ua katikati, na vyumba vya juu ambavyo wakati ule vilikuwa vimefungwa tangu Baba alipofariki. Baba alituleta hapa, nchi ya Waarabu, kutoka Unguja mimi nikiwa mdogo wa kushikwa mkono. Yeye alikuwa anarudi kwao. Mama alikuwa anakwenda ugenini, na Kiswahili alichotoka nacho mjini Unguja anacho mpaka leo, hakikuongezwa wala kupunguzwa. Mimi nilifundisha shule miaka mingi, nikastaafu, nikahamia kwake tukawa wawili.

Nataka niseme mapema kwamba kaka yangu si mtu mbaya, maana humu nitamsema sana. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na haki. Dari ya chumba kimoja cha juu ilikuwa imemomonyoka, na Mama aliteleza kwenye ngazi akakaa wiki nzima na mguu uliovimba, akinikataza nisimwambie mtu. Kaka alipojua alikuja mbio. Alisimama uani akatazama ile milango iliyofungwa, akasema kwa Kiarabu, maana Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiarabu, kwamba nyumba bila watu ni gofu, na yeye hawezi kulala usingizi huku mama yake yuko gofuni na binti mmoja.

Binti! Nina mvi kichwa kizima.

Tulibishana mpaka sauti yangu ikakauka. Mwisho akatoa sharti. Tukipata jambo la kuifanya nyumba iwe na watu majira hayo ya baridi, sawa, Mama abaki, na yeye mwenyewe ataleta fundi wa dari. Tusipopata, anakuja na gari. Mama alisikia yote. Usiku ule hakula, na kwa Mama hilo ni jambo kubwa kuliko machozi.

Aliyeleta jambo ni binti yangu. Yeye alizaliwa hapa, akasoma Ibra, na wakati ule alikuwa ameanza kazi katika ofisi ndogo ya utalii mjini Sur. Alikuja Ijumaa moja kakurupuka, hata viatu hakuvua, anasema kuna meli mpya inakuja. Si meli kama zile nyingine. Hii ni ya wasafiri wanaosema Kihispania tu, wa kutoka Hispania na Meksiko na Ajentina na huko kote. Ndani ya meli matangazo ni Kihispania, wahudumu ni wa Kihispania, hata muziki, na saa za kula ni zile za kwao. Wengi wao, alisema, ni watu wazima ambao hawajawahi kupanda meli ya kitalii kwa sababu waliona haya kukaa siku nyingi wakisemeshwa kwa lugha wasiyoijua.

Mama aliacha kushona. "Yaani wamefanyiwa meli nzima ili wasemeshwe kwa lugha yao?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mashallah," Mama akasema. Kisha, akiokota sindano yake, "Ikipita ya Waswahili mniambie. Na mie nitapanda."

Tulicheka. Lakini mimi nilimtazama, na nilijua hakufanya mzaha. Marafiki zake wa Kiswahili pale Sur walikuwa wamekwisha mmoja mmoja. Wajukuu wanamwitikia kwa Kiarabu. Alikuwa na mimi na redio, na redio ilikuwa mbovu.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Meli itatia nanga nje ya Sur, wasafiri washushwe kwa boti ndogo. Kundi moja, basi moja la watu, litakuja kula katika nyumba ya kale ya Aija, chakula cha nyumbani, halafu lipelekwe Al Mintirib kutazama mchanga na kupanda ngamia. Mwongozaji wao atatazama. Akiridhika, nyumba yetu itakuwa kituo cha kila safari, meli inapopita. Asiporidhika kuna mikahawa mingi.

Kaka akasema vizuri, na yeye atakuja siku hiyo aone kwa macho yake. Akaniambia mimi pembeni kwamba atakuja na gari kubwa.

Sasa nieleze kosa, maana bila kosa hadithi haipo.

Binti yangu na Kiswahili ni kama mtu na nguo ya kuazima. Anajitahidi, lakini ngeli zinamshinda. Mama humtania bila huruma. Akisema, "Bibi, wageni zinakuja," Mama humuuliza, "Wageni ni nguo, zinakuja?" Basi mara nyingi mtoto huchoka akaingia Kiarabu, na Mama huvuta mdomo. Siku mbili kabla ya meli, binti yangu alipiga simu ya nyumbani akaipokea Mama. Na siku hiyo, kwa kutaka kumfurahisha bibi yake, alijitahidi kusema Kiswahili kitupu, tangu shikamoo mpaka kwaheri, bila neno moja la Kiarabu.

"Bibi, wageni watakuja kula saa tisa."

Mama aliweka simu chini uso umemng'aa. "Umesikia? Kasema 'watakuja'. Hakusema 'zitakuja'."

"Saa ngapi?" niliuliza.

"Saa tisa."

Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka, lakini mimi mjuaji. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Wahispania chakula cha mchana hula wakati wetu wa kulala, na binti yangu alikwisha sema kuwa meli ile inakwenda kwa saa zao. Nikamwambia Mama ndivyo walivyo, hula saa tisa mchana. Mama akashangaa kidogo, akasema kila watu na ada zao, akaanza kupanga: wali wa nazi, mchuzi wa papa, nguru wa kupaka, mkate wa kumimina. Samaki tutakwenda kuwanunua asubuhi ile ile, saa nne, wawe wabichi.

Asubuhi yenyewe, saa tatu, mimi niko uani na kanga kiunoni, nywele nimezipaka mafuta nazo zimesimama. Mama yuko juu ya mkeka anakatakata vitunguu bila haraka. Mlango unagongwa. Nafungua, namwona binti yangu kavaa nadhifu, nyuma yake mwanamke wa makamo mwenye kofia ya majani, na nyuma yao kichochoro kizima kimejaa watu wenye kamera.

"Mama," binti yangu akasema polepole, "mbona hujavaa?"

"Mbona mmekuja?"

Tulitazamana. Halafu nikaona uso wake unabadilika, akili yake inarudi nyuma mpaka kwenye ile simu. Alikuwa ameambiwa na ofisi kwa Kiarabu, tis'a, yaani saa tisa ya asubuhi wanavyohesabu wao, ambayo kwetu ni saa tatu. Akachukua tis'a, akaifanya tisa, akamkabidhi bibi yake kwa Kiswahili safi. Neno lilikuwa sahihi. Saa ndiyo iliyokuwa ya watu wengine. Yeye alileta wageni wa kifungua kinywa, na Mama alikuwa anangoja wageni wa alasiri.

"Yarabi toba," nikasema.

Niliogopa, sitaficha. Sikuogopa aibu, nimefundisha watoto wa darasa la saba, aibu hainiui. Nilimwogopa kaka na gari lake kubwa. Niliona Mama akipakiwa kama mzigo kwa sababu ya neno moja.

Binti yangu alikuwa keshaanza kulia palepale mlangoni, mbele ya wageni wake. "Bibi, nimeharibu," alisema, na hata katika kulia alisema kwa Kiswahili.

Mama aliinuka, akafuta mikono. "Umeharibu nini? Nilisikia saa tisa, ulisema saa tisa. Hebu futa kamasi. Watu wako mlangoni wanasimama juani, ndio adabu hiyo?" Akajongea mlangoni yeye mwenyewe, mfupi, na bakora yake, akawatazama wale watu kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Halafu akaona miguu yao, na viatu vyao vya safari vinakaribia kukanyaga mkeka wake.

"Sapatu!" akafoka. "Sapatu, sapatu!"

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Hata sisi sapatu hatusemi tena, ni neno la wazee wake. Lakini wale watu walisimama wote kwa pamoja, wakatazama miguu yao, na bibi mmoja mnene wa nywele nyeupe akacheka kwa sauti akasema, "Zapatos! Zapatos!" Wakainama wote wakaanza kuvua.

Mama akanigeukia. "Mbona uliniambia hawajui Kiswahili?"

Yule mwanamke mwenye kofia alikuwa ndiye mwongozaji. Kumbe ni Mmoroko wa Tetuani, Kihispania na Kiarabu vyote vyake, ingawa Kiarabu chake kwa masikio ya Sur kilikuwa kama kimekatwa mikia. Nilimweleza yote kwa Kiarabu cha darasani, kinachoeleweka kote. Nilimwambia kosa si la mtoto, ni la saa mbili zinazokaa nyumba moja. Alisikiliza, akatazama saa yake. Basi la kwenda Al Mintirib lilikuwa linangoja ng'ambo ya daraja, na ngamia huko walikwisha fungwa matandiko. Akauliza kuna nini tayari. Nikamwambia kuna kahawa, tende, na vitunguu vibichi.

Hakucheka. Aliniambia kwa upole kwamba atawapa kahawa, awashukuru kwa niaba yetu, awapeleke. Nikajua basi, imekwisha.

Lakini yule bibi mnene wa nywele nyeupe hakuwa amengoja tafsiri. Alikuwa amekwisha kaa kwenye mkeka wa Mama, kachukua kisu, anakata vitunguu. Na Mama, badala ya kumzuia, alikuwa anamsahihisha. "Vyembamba. Hivi." Yule bibi akavifanya vyembamba. Wakawa wanasemezana, kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna aliyengoja kuelewa. Mama akagonga meza ndogo ya mbao kuonyesha viwekwe pale. "Juu ya meza."

"Mesa," yule bibi akasema.

"Meza," Mama akaitikia, kama mwalimu anayeridhika.

Baadaye nilimweleza Mama kwamba maneno hayo aliyaacha Mreno pwani yetu, na Mreno na Mhispania ni jirani. Akaniambia yeye hana habari na Mreno, meza ni ya mama yake.

Wale wengine walipoona mwenzao kakaa, nao wakaanza kukaa. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama aliwapa jembe siku ya kwanza, tena hawajanywa hata kahawa. Akatoa amri na binti yangu akafasiri kwa Kiarabu na mwongozaji akafasiri kwa Kihispania, huku amekunja uso anatazama saa. Wanaume wakatumwa soko la samaki pamoja na binti yangu. Wengine wakapewa mchele. Halafu Mama akapaza sauti, "Leteni mbuzi!"

Binti yangu, aliyekuwa bado mlangoni, akageuka akamwambia mwongozaji kwamba Bibi anataka mbuzi. Mwongozaji akawaambia watu wake. Mwanamke mmoja kijana, aliyekwisha tuambia kuwa hali nyama, akashika kifua. Wote wakatazama mlango wa nyuma wakimngoja mnyama wa watu aletwe kuchinjwa mbele yao.

Nikatoka jikoni na kigoda cha kukunia nazi. Nikakiweka katikati ya ua, na ulimi wake wa chuma wenye meno umewaelekea.

"Ndiye huyu?" binti yangu akauliza.

"Mwanangu wee," Mama akasema, "umeshazoea nazi ya pakiti, hata mbuzi humjui!"

Mwongozaji alipofahamu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akawaeleza wenzake, na ua mzima ukalipuka. Yule asiyekula nyama ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa juu ya mbuzi, akakuna nazi mpaka jasho likamtoka, na hakukubali kumpisha mtu. Nadhani pale ndipo mwongozaji alipoondoka kwenda kichochoroni na simu. Aliporudi akaniambia basi la Al Mintirib limeambiwa lisingoje. Aliwauliza watu wake kama wanataka jangwa au wanataka kubaki, na hakuna aliyetaka jangwa.

"Mchanga upo tu," Mama akasema alipofasiriwa. "Haufi."

Tukapika tangu saa nne. Sijawahi kuiona nyumba ile vile tangu niko mdogo. Mtu alifungua vyumba vya juu kutafuta mikeka, na baada ya hapo havikufungwa tena. Mwanamume mmoja aliyeacha samaki wa watu, maana alikuwa fundi wa nyumba kwao, alipanda kutazama dari iliyomomonyoka, akashuka na vumbi kichwani akanielezea kwa mikono miwili kwamba boriti ni nzima, ni plasta tu. Adhuhuri tuliswali, na wao wakapunguza sauti bila kuambiwa. Mchuzi ukachemka. Mwongozaji akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, kwa hofu kidogo, akidhani watu wake wana njaa. Nikamwambia, na nilimtajia kwa saa yake yeye: saa tatu baada ya adhuhuri, ile saa tisa yetu.

Akatoa macho. "Lakini hiyo ndiyo saa yao ya kula!" akasema. "Kila bandari tunagombana na watu wanaotaka kutulisha mapema."

Mama alipofasiriwa alichota mchuzi akauonja. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Nilisema saa tisa."

Na saa tisa, chakula kinapakuliwa, kaka yangu akaingia. Alikuja saa hiyo kwa sababu Mama mwenyewe ndiye aliyempa saa, na saa akitajiwa na Mama, Kaka hujua kuwa ni ya Kiswahili. Mikononi alikuwa na maboksi matupu, yale mapana ya dukani, yamepachikwa moja ndani ya jingine mpaka kidevuni. Aliona ua umejaa wageni waliokunja mikono ya mashati, mtu mzima anatandika mkeka, mwanamke mgeni juu ya mbuzi, na mama yake katikati yao anaelekeza kwa bakora. Akasimama.

"Sapatu!" Mama akamwambia.

"Zapatos!" wageni wote wakamfokea.

Kaka yangu, mkubwa wa idara, akainama akavua viatu.

Akala nao. Alikula sana. Wageni walipokuwa wanajiandaa kurudi kwenye boti, Mama alimwuliza mbele yangu, "Maboksi hayo ya nini?"

"Ya kuwekea vitu, Mama."

"Vitu gani?"

Mama hakumngoja. Alichukua boksi la juu, akaweka ndani mkate wa kumimina mzima uliobaki, akamkabidhi yule bibi mnene wa nywele nyeupe. Walikumbatiana muda mrefu wakasemezana tena, kila mmoja kwa lugha yake, na wote wawili walilia. Maboksi mengine Kaka aliyaacha chini ya ngazi. Hakusema kwamba amebadili shauri. Alisema tu, yakae hapo.

Meli ikaja tena, ikaja tena. Kila ilipotia nanga tulipata basi letu, saa tatu asubuhi kuingia jikoni, saa tisa mchana kula. Ofisini kwa binti yangu waliandika hivyo kabisa katika matangazo yao, kupika na Bibi wa Aija. Fundi alikuja, dari ikapigwa plasta. Mama akajifunza kusema asante kwa Kihispania akaisema kama kwamba ndiye anayetoa ruhusa. Lakini yale maboksi yalikuwa pale pale chini ya ngazi, na kila nikipita nilikuwa nayaona, na najua yeye pia alikuwa anayaona.

Majira ya baridi ya pili, katikati, meli ikaacha kuja. Kampuni ilikuwa changa, na mambo yake hayakusimama. Binti yangu aliniletea habari uso umempauka, akaogopa kumwambia bibi yake. Nikamwambia mimi. Mama alikuwa amekwisha roweka mchele wa mkate kwa ajili ya basi ambalo halitakuja.

"Maskini," alisema, na nilidhani anajisikitikia yeye mwenyewe. "Sasa watasemeshwa na nani?"

Siku ile nilihuzunika kuliko nilivyotarajia. Nilikaa chini ya ngazi, karibu na yale maboksi, nikafanya ujinga wa kuyahesabu. Simu ya kaka ilikuja jioni. Alikuwa amesikia. Hakusema neno Nizwa, alisema tu kwamba atakuja kesho, Ijumaa, tuzungumze, na sauti yake ilikuwa ya upole ule unaotisha.

Mama alikuwa na mchele umeroweka. Mchele ukiroweka haungoji. "Pigia watu," akaniambia.

"Watu gani, Mama?"

"Watu! Wetu. Wa Jalan, wa Ibra, wote waliobaki. Waambie Ijumaa saa tisa."

Binti yangu ndiye aliyepiga simu. Mtoto huyu aliwatafuta watu ambao mimi nilidhani wamekwisha kufa. Wazee wa Jalan Bani Bu Hassan waliozaliwa Pemba, familia za Ibra zilizotoka Unguja, vijana waliosoma naye wasiojua zaidi ya habari na nzuri. Kila aliyemwambia saa tisa, aliongeza haraka, "Ya Kiswahili!" Na akaweka sharti lake mwenyewe, wala hakutuuliza: mezani ni Kiswahili kitupu, atakayeponyokwa na Kiarabu ataosha vyombo. Nilimwuliza sharti hilo kalitoa wapi. Akaniambia, "Si meli ile, Mama? Wao walikuwa na yao. Sisi tuna ua."

Wakaja. Ijumaa ile walikuja wachache, na vyombo vilioshwa na karibu kila mtu. Kaka alikuja pia, lakini hapakuwa na nafasi ya kuzungumza, kwa kuwa alikuwa kashikwa na mzee mmoja wa Jalan aliyemjua Baba na aliyetaka kumsimulia jambo moja kwa muda wa saa nzima, kwa Kiswahili, na Kaka alilazimika kujibu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Kiswahili chake kilikuwa kimeota kutu lakini kipo. Mama naye alimsikia. Alijifanya anapanga vikombe.

Ijumaa iliyofuata walizidi. Sasa ni kila Ijumaa, na siku nyingine nakosa pa kukanyaga. Watoto wasio wajukuu zake wanamwita Bibi, na Mama anawatania wote sawa, wageni ni nguo, vitabu ni watu. Kila familia inapoondoka lazima ichukue mkate.

Kaka alikaa muda bila kuja, kazi ilimbana. Alipokuja Ijumaa iliyopita alikuja na mkewe na watoto, akavua viatu bila kufokewa, akala. Baada ya alasiri nilimwona anakwenda chini ya ngazi, anainama, anachungulia. Akarudi kwa Mama, akamwuliza, kwa Kiswahili:

"Mama, yale maboksi yangu yako wapi?"

"Yamekwisha."

"Yamekwisha?"

"Watu wamekwenda nayo," Mama akasema. Alikuwa anakata mkate wa kumimina na hakuinua uso. "Mengine yako Ibra, mengine Jalan, moja liko Hispania."

Nilimtazama Kaka, sijui atasema nini. Akachukua kipande cha mkate.

"Basi Ijumaa nitakuletea mengine," akasema.

"Lete," Mama akamwambia. "Lakini mapana zaidi. Yale yako mkate ulikuwa unajikunja."